Kabati la Vitabu: Nianze na kitabu gani cha majini na mazimwi?

Barua za mwezi huu zimefanana mno. Watu wazima wa Arusha na Moshi wanataka kurudi kusoma, na wengi wao hawataki vitabu vya mafanikio wala vya biashara. Wanataka hadithi za ajabu, zile ambazo siku hizi zinaitwa fantasia. Tumechagua barua sita, tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha pembeni.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nina miaka 38, ni mhasibu. Riwaya ya mwisho kuimaliza ilikuwa ya mtihani wa kidato cha nne. Mwaka huu nimejaribu mara tatu kusoma, na kila mara nalala ukurasa wa nne. Filamu za wachawi na madragoni nazipenda sana. Nianze na nini?
– Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Njema, ndugu. Usingizi huo tunaufahamu. Shuleni tulifundishwa kusoma riwaya kwa kalamu: taja dhamira, eleza sifa za mhusika mkuu, toa hoja tatu. Mtu aliyezoea hivyo akishika kitabu ukubwani huanza kuwinda dhamira kabla hadithi haijapata moto, na akili inachoka kwa kazi ambayo hakuna aliyeituma. Fantasia inasaidia kwa sababu inakulazimisha kujiuliza swali la kitoto, “halafu ikawaje?”, na swali hilo halina maksi.

Lakini siyo kila fantasia inamfaa anayerudi. Sisi tunaangalia mambo matatu. Kitabu kisizidi kurasa 200. Hadithi iishe humo humo, isikuahirishie hadi kitabu cha pili. Na ajabu yenyewe itokee mapema, ndani ya kurasa kumi au kumi na tano za mwanzo. Waandishi wengi wa fantasia hutumia kurasa 60 kujenga ufalme, koo na historia ya vita vya babu zao kabla mtu hajafanya lolote. Msomaji mzoefu anafurahia ujenzi huo. Anayerudi analala ukurasa wa nne.

Kuhusu urefu, piga hesabu, maana ndiyo kazi yako. Ukurasa wa kawaida wa riwaya una maneno 250 hadi 300. Mtu aliyekaa miaka mingi bila kusoma tumkadirie maneno 150 kwa dakika, yaani dakika mbili kwa ukurasa. Kurasa kumi ni dakika ishirini. Kwa mwendo huo kitabu cha kurasa 180 kinaisha siku ya kumi na nane. Cha kurasa 700 kinakudai siku 70, na ndani ya siku 70 kuna msiba, harusi, mwisho wa mwezi na wakaguzi. Utakatika njiani, kisha utajiambia wewe si msomaji, kumbe ulibeba gunia badala ya mfuko.

Dukani au kwa muuza vitabu wa mtumba, fanya kipimo cha vidole. Fungua ukurasa wowote wa katikati, soma, na kila neno usilolielewa kunja kidole kimoja. Majina ya watu na miji usiyahesabu. Vidole vitano vikikunjwa kabla ukurasa haujaisha, kirudishe. Si kwamba huwezi, ila utakuwa unasoma kamusi. Halafu tazama ukurasa kwa mbali: una mazungumzo, au ni ukuta wa maandishi kutoka juu hadi chini? Mazungumzo hukimbia.

Na jiruhusu kuacha kitabu. Mkutubi mmoja wa Seattle, Marekani, Nancy Pearl, anajulikana kwa kanuni yake: kipe kitabu kurasa 50, kikikushinda achana nacho, na ukishavuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100, jibu ndilo idadi ya kurasa unazokidai. Kwa vitabu vyembamba tunavyovitaja hapa, kurasa 25 zinatosha kutoa hukumu.

Sasa majina. Ukitaka Kiswahili, chukua Adili na Nduguze cha Shaaban Robert (1952). Ni chembamba, na kina liwali mwema ambaye kila usiku anawachapa mjeledi manyani wawili, na manyani hao ni ndugu zake mwenyewe. Ukishalijua hilo huwezi kufunga kitabu bila kujua kwa nini. Ukitaka Kiingereza, chukua Binti cha Nnedi Okorafor (2015), ambacho hakifiki kurasa 100 katika chapa yake ya kwanza: msichana wa Kihimba, kabila la Namibia, anatoroka kwao kwenda chuo kikuu kilicho sayari nyingine, na safari inaharibika. Kina vyombo vya angani, kwa hiyo wapo watakaokiita bunilizi ya kisayansi, usigombane nao. Au chukua A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin (1968), ambako uchawi wote umesimama juu ya jambo moja: ukilijua jina la kweli la kitu, unakitawala. Mwafrika yeyote aliyewahi kuambiwa asiitike akiitwa usiku atalielewa hilo bila mwalimu.

Kwa kuwa umetaja madragoni, kipo The Hobbit cha J. R. R. Tolkien (1937). Kinavuka kipimo chetu cha urefu, ila kina sura 19 na kila sura ina tukio lake, hivyo sura moja kila jioni ni siku 19. Kifanye cha pili.

Mwisho, saa ya kusoma. Kitandani saa nne usiku baada ya mahesabu ya siku nzima, hata gazeti la udaku litakulaza. Soma kabla ya chakula cha jioni, au asubuhi dakika ishirini kabla ya kushika simu. Ndani ya Coaster inayokwenda usijaribu, kichefuchefu kitakufanya uchukie kitabu bure. Lakini zile dakika za kusubiri stendi hadi gari lijae ni mali.

SWALI: Nilinunua kwa muuza vitabu wa barabarani kitabu kinene cha Kiingereza, jalada lina upanga na joka linalotema moto. Nimefika ukurasa wa 60, nimeshahesabu watu zaidi ya thelathini, na sijui nani adui wa nani. Fantasia zote ndivyo zilivyo?
– Fundi simu, Moshi mjini

JIBU: Fungua ukurasa ulio nyuma ya ule wenye jina la kitabu, pale penye maandishi madogo ya mchapishaji, kisha angalia na mgongo wa jalada. Tunashuku utakuta namba 3, au maneno ya Kiingereza yanayomaanisha “kitabu cha tatu”. Umeingia ukumbini wakati wageni wameshatambulishwa na wawili wameshauawa.

Miji yetu hii inakumbwa na jambo hilo zaidi kwa sababu ya chanzo cha vitabu. Vingi vya Kiingereza vilivyopo kando ya barabara na kwenye mabweni ya wageni vimeachwa na watu waliokuja kupanda Mlima Kilimanjaro, kutembelea mbuga au kujitolea. Mgeni anaacha alichokimaliza safarini na kuondoka na kinachofuata. Ndiyo maana utakutana na kitabu cha pili peke yake na cha nne peke yake, kama viatu vya mguu mmoja.

Kabla hujatoa hela, kagua hivi: namba ya mfululizo, ukurasa wa mwisho upo na sentensi imeisha kwa nukta, kurasa za katikati hazijachomoka, maana gundi ya vitabu vya karatasi laini hukauka na kuvunjika ukikifungua sana. Kisha andika jina la mwandishi kwenye simu na utafute orodha ya vitabu vyake kwa mpangilio. Ni dakika moja.

Angalia pia kama mfululizo umekwisha. George R. R. Martin alitoa kitabu cha kwanza cha mfululizo uliozaa ile tamthilia maarufu ya televisheni, Game of Thrones, mwaka 1996, cha tano mwaka 2011, na cha sita hadi tunapoandika wasomaji bado wanakingoja. Patrick Rothfuss alitoa cha kwanza cha mfululizo wake 2007, cha pili 2011, na cha tatu hakijatoka. Ni waandishi hodari, lakini usimkopeshe mtu ambaye hajalipa deni la mwanzo. Ukitaka mfululizo uliofungwa, vitabu vitatu vya kwanza vya Mistborn vya Brandon Sanderson vilitoka kati ya 2006 na 2008 na hadithi ikafika mwisho wake. Vinene, ila sheria za uchawi wake zimepangwa wazi kama sheria za mpira. Ukitaka vingi ambavyo kila kimoja kinasimama peke yake, Terry Pratchett aliandika riwaya 41 za Discworld, na mashabiki wake wengi hawashauri uanze na ya kwanza. Mort (1987), ambamo Kifo anatafuta kijana wa kumsaidia kazi, inatosha kuonja.

Na kuhusu watu thelathini: chukua kipande cha boksi la sabuni, kifanye cha kuwekea alama, na juu yake andika majina yasiyozidi saba, kila moja na neno moja tu: “Fulani, mwizi”, “Fulani, malkia”. Wa nane akija, subiri. Asiyetokea tena ndani ya kurasa 20 hana kazi na wewe. Ramani iliyo mwanzoni iruke, utairudia ukipotea. Majina magumu yatamke Kiswahili, herufi kwa herufi. Hakuna anayekusikiliza.

SWALI: Naomba kujua kama Kiswahili kina fantasia au ni mapenzi na upelelezi tu. Kiingereza nakisoma lakini hakinipi raha. Ninauza duka la rejareja, muda wangu ni mchana wateja wakipungua.
– Mama wa duka, Kiboriloni, Moshi

JIBU: Ipo, mama, na ni ya siku nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Shida yake ni kwamba haijaandikwa “fantasia” kwenye jalada, na majina yanadanganya pande zote mbili.

Tuanze na ya kukwepa kama shida yako ni maajabu. Joka la Mdimu, kinachosomwa sekondari, hakina joka hata moja. Kinahusu umaskini na ufisadi wa mjini. Mzimu wa Watu wa Kale na Kisima cha Giningi vya Muhammed Said Abdulla vina majina ya kusisimua nywele, lakini ni upelelezi wa Bwana Msa na kiko chake, na raha yake ipo katika akili ya Bwana Msa. Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, hakikupeleki peponi. Kinakupeleka kwenye misafara ya biashara ya pwani na bara. Vyote ni vitabu vya heshima. Ila ukinunua ukitarajia mazimwi utamlaumu mwandishi bure.

Sasa vyenyewe. Kwa muda wako wa dukani hakuna kitakachoshinda Alfu Lela Ulela, zile hadithi za usiku elfu moja na moja. Ni hadithi ndani ya hadithi, unaweza kuiacha mteja akiingia na kuirudia alipotoka. Ipo tafsiri ya zamani ya enzi za Frederick Johnson na Edwin Brenn, na ipo ya karibuni ya Hassan Adam iliyochapishwa na Mkuki na Nyota kwa vitabu kadhaa. Ukizikuta zote mbili, chukua ya Hassan Adam kwanza. Ile ya zamani ina maneno yaliyokwisha kutoka mdomoni mwa watu. Baada yake soma Adili na Nduguze tuliyoitaja juu, utagundua mzee Shaaban alikunywa kisima kile kile na kukitia ladha yake.

Mwana Mdogo wa Mfalme, tafsiri ya kitabu cha Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry, ni kifupi, kina picha, kinaisha mchana mmoja wa biashara mbaya. Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri nyingine ya Ida Hadjivayanis, ya kitabu cha Mwingereza Lewis Carroll, inachekesha, hasa ukiisoma kwa sauti. Wapo waliowahi kukisoma kitabu hicho katika tafsiri ya mwaka 1940 iliyomwita Elisi.

Ukitaka kitu cha kutisha kilicho karibu na nyumbani, tafuta Mirathi ya Hatari cha C. G. Mung'ong'o (1977): kijana anarithishwa uchawi na baba yake. Hicho tusingekishauri kwa anayefunga duka peke yake usiku.

Baada ya hapo ngazi inapanda. Kusadikika cha Shaaban Robert (1951) ni nchi iliyoko angani, na wajumbe wake wanaotumwa pande zote za dunia wanarudi na habari njema wakaishia kuadhibiwa. Ajabu zipo, ila sehemu kubwa ni hotuba za Karama, mshtakiwa, mahakamani. Ukiona unachoka, soma safari za wajumbe kwanza kisha urudi kwenye kesi. Walenisi cha Katama Mkangi (1995) kinampandisha mtu chombo cha kwenda anga za mbali na kumtua katika nchi ambayo jina lake, ukilitamka polepole, linakwambia ni ya nani. Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed (2001) kina babu aliyekufa anayerudi kumtembeza mjukuu wake mkubwa wa serikali aone alichokiharibu. Bina-Adamu! cha K. W. Wamitila (2002) ni safari ya kumsaka kiumbe anayeitwa P. P., mabara kwa mabara, na wahakiki wanakiweka kwenye uhalisia mazingaombwe, yaani hadithi zinazochanganya maisha ya kawaida na maajabu.

Nagona (1990) na Mzingile (1991) vya Euphrase Kezilahabi ni vifupi mno, na ufupi huo umewaponza wengi. Mtu anaona kurasa chache, anasema hiki ndicho cha kuanzia. Mle ndani hakuna kamba ya kushika: wakati unarudi nyuma, mtu anazungumza na kivuli, mji hauna jina. Ni miongoni mwa vitabu vizuri kabisa vya lugha hii, lakini viweke vya nane au vya tisa.

Usisahau tenzi. Utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 una shujaa asiyedhurika kwa silaha yoyote, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na anayetumwa kuichoma ni mwanawe. Liyongo anakwenda kufia kisimani, amepiga goti na upinde ameuvuta, na watu wa mji wanakaa bila maji kwa siku kadhaa kwa sababu hakuna anayethubutu kumkaribia maiti huyo wakidhani yu hai. Soma beti ishirini kwa siku, kwa sauti, ukiwa umekaa. Lahaja ni ya kaskazini, kwa hiyo tafuta chapa yenye maelezo ya maneno pembeni.

Na kwa kuwa upo Kiboriloni, muulize mzee yeyote wa mlimani habari za Murile. Ni ngano ya Kichaga ambayo Bruno Gutmann, mmisionari aliyeishi Moshi, aliichapa kwa Kijerumani mwaka 1914. Murile anakwaruzana na mama yake, anakalia kiti cha baba yake, anakiamuru kipande juu, na kiti kinapaa hadi mwezini. Huko anawakuta watu wanaokula nyama mbichi kwa kuwa hawajui moto. Anawafundisha moto, wanamlipa ng'ombe. Fantasia ikipatikana tayari kwenye kigoda cha nyumbani, ni uvivu wetu tu kuidai kutoka Ulaya.

Namna ya kuvipata: vingi vya hivi vimechapwa upya na kuisha, vikachapwa tena na kuisha. Nenda dukani ukiwa na jina la kitabu na la mwandishi yameandikwa, ukiuliza “mna vitabu vya maajabu?” utaletewa vya maombezi. Maktaba ya mkoa, Moshi na Arusha, angalia rafu za Kiswahili mwenyewe badala ya kuishia mapokezi, kwa sababu vya zamani hukaa chini kabisa. Ukiagiza Dar es Salaam kwa kifurushi cha basi, omba kwanza picha ya jalada, ya ukurasa wa kwanza na ya ukurasa wa mwisho. Na weka kamusi kubwa chini ya kaunta, siyo juu yake: soma sura nzima kwanza, maneno yaliyokukwaza yatafute baadaye.

SWALI: Mimi nasoma sana simulizi za majini kwenye magrupu ya simu, nafika hata sehemu ya 90. Lakini kitabu kikinijia kwa PDF nashindwa. Kwa nini?
– Dereva bodaboda, Bomang'ombe

JIBU: Mtu anayemaliza sehemu 90 tayari ni msomaji, kinachokushinda ni umbo. Simulizi ya simu imekatwa vipande vya dakika tano, na kila kipande kinakatika jini akiwa mlangoni. Sura ya riwaya mara nyingi hufanya kinyume, inaishia mahali pa kupumua. Ukifunga kitabu mwisho wa sura, kesho huna kinachokuita. Kwa hiyo usiishie mwisho wa sura. Ishia katikati, pale mambo yanapochacha, hata katikati ya ukurasa. Hila hiyo ndiyo aliyoitumia Shahrazadi, msimulizi wa Alfu Lela Ulela, kuokoa shingo yake: alfajiri ikiingia, ananyamaza pale pale patamu.

PDF nayo ina lawama zake. Ni picha ya ukurasa wa karatasi. Ukiikuza ili uone, mstari unatoka nje ya kioo na unabaki unasukuma kulia na kushoto kwa kidole. Zile za kupigwa picha na mtu asiyejulikana huwa na kurasa zilizorukwa, na mara nyingi mwandishi hajalipwa hata senti. Tafuta faili la aina ya EPUB: maandishi hujipanga upya kufuata kioo chako, na riwaya nzima ya maneno matupu mara nyingi haifiki hata MB 1. Programu za kulisomea zipo za bure. Kuza herufi hadi mstari uwe na maneno sita au saba, weka rangi ya karatasi badala ya nyeupe kali, kisha zima data. Usipozima data, grupu litakuita.

Vya Kiingereza vilivyokwisha muda wa hakimiliki vipo bure na kihalali kwenye tovuti ya Project Gutenberg, na vilivyosomwa kwa sauti vipo kwenye tovuti ya LibriVox. Sauti ya kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu MB 29 kwa saa, hivyo kitabu cha saa kumi ni kama MB 290. Pakua usiku kwenye kifurushi cha bei nafuu. Na sauti usikilize ukiwa kijiweni, pikipiki imezimwa.

SWALI: Zamani nilimaliza vitabu kwa mwanga wa kibatari. Sasa nina miaka 52, nikisoma nusu ukurasa maandishi yanacheza na kichwa kinauma. Nadhani umri wa hadithi umenipita.
– Mzee, Machame

JIBU: Shikamoo mzee. Kabla ya kuzilaumu hadithi, nyosha mkono. Ukiona kitabu kinasomeka vizuri zaidi kikiwa mbali, basi ni lenzi ya jicho. Kuanzia miaka ya arobaini hivi lenzi hukakamaa na kushindwa kujikunja kwa ajili ya vitu vya karibu. Wapo wengi waliodhani wamepoteza mapenzi ya vitabu, kumbe walipoteza sentimita thelathini.

Miwani ya kusomea huanzia +1.00 au +1.25 kwa watu wa miaka 40 hadi 45. Umri wako mara nyingi huangukia +1.75 hadi +2.25. Kuijaribu, shika gazeti umbali wa sentimita 40 na uchague namba ndogo kuliko zote inayokuwezesha kusoma maandishi madogo bila kukunja uso. Ukichukua kali mno, utalazimika kuweka kitabu puani na kichwa kitaendelea kuuma. Miwani ya barabarani ina nguvu sawa macho yote mawili, na macho ya watu wengi hayako sawa, kwa hiyo kupimwa ni bora. Moshi ipo idara ya macho ya hospitali ya KCMC. Ukiona ukungu, duara za rangi kuzunguka taa, au uoni umebadilika ghafla, au una kisukari, nenda upimwe kwanza, miwani baadaye.

Taa iwe nyuma ya bega, iangukie karatasi na siyo uso wako. Na chagua chapa yenye herufi kubwa. Chapa za zamani za mfukoni zilibana herufi ili kuokoa karatasi, hata kijana zinamtesa. Kwa kuanzia tungekushauri urudie kitabu ulichokipenda enzi za kibatari. Ukishajua njama, jicho linafanya kazi nusu.

SWALI: Mama mkwe anaishi nasi na anasema vitabu vya majini vinaita majini nyumbani. Nimemheshimu, nimeficha kitabu kabatini. Nifanyeje?
– Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Usibishane naye, na usiendelee kuficha, maana kitabu kilichofichwa kabatini kinaonekana kibaya kuliko kilivyo. Kuna tofauti unayoweza kumwonyesha kwa mkono. Kitabu cha falaki au cha uganga kina maelekezo: namba, nyota, siku, dawa, maneno ya kutamka. Riwaya haina maelekezo hata moja. Ina mtu, tamaa yake, na yaliyompata. Mfungulie popote ajionee.

Ukiweza, anza na kile ambacho jini wake ni mkali kwa wabaya. Katika Adili na Nduguze, jini Huria ndiye anayewaadhibu ndugu wasaliti, na mwishoni ndugu hao wanasamehewa. Mwachie mezani karibu na miwani yake, useme unakwenda sokoni. Ni chembamba, huenda akakimaliza kabla yako.